Niliandika Fundi Katia Uji Badala ya Oili

Kosa ni langu, tena nililifanya nikicheka mpaka machozi. Jina siweki, maana Morogoro tunajuana na aibu yenyewe bado mbichi.

Nina pikapu ya kubebea mboga zangu kutoka Mgeta. Niliinunua mpya Dar, ikaja na waranti. Wakaniambia wazi: mama, sevisi fanya hata gereji ya huko kwenu, ila tumia oili inayotakiwa, tunza risiti, na kila sevisi iandikwe kwenye kitabu chake. Sharti rahisi hivyo, mimi likanishinda!

Fundi wangu ni Mnyamwezi, mimi Mluguru. Watani hao! Nikitokeza tu gereji, anapiga kelele, "Ficheni spana, Mluguru kaja!" Nami namjibu, "Nyamaza wewe, babu yangu alikununua kwa mkungu wa ndizi." Lakini kwenye kazi hana mchezo. Kopo la oili analifungua mbele yangu, filta mpya, tarehe na kilomita anaandika vizuri kabisa.

Sasa chini ya ukurasa kuna nafasi ya maoni ya mteja. Shetani akanipitia, nikachukua kalamu: "Fundi katia uji badala ya oili." Mwenyewe akasoma, akacheka, akagonga muhuri! Sevisi iliyofuata nikaandika: "Filta kaiba, kaweka soksi yake." Akagonga tena! Risiti nikamwambia aache, za nini na kitabu kipo?

Siku moja injini ikafia mlimani, nyuma nimejaza kabichi. Wala sikuogopa, si nina waranti? Pikapu ikavutwa mpaka Dar.

Bwana wa waranti akafungua kitabu. Akasoma, akarudia. "Mama, huu uji ni wa nini?"

Weee! Nikamweleza habari za utani, nikaapa kwa Mungu. "Hawa watu tunazikana nao!" nikamwambia. Akaniuliza risiti ziko wapi. Sina! Waranti ikaishia pale pale.

Kibaya zaidi, wakampigia fundi kumuuliza kama kweli anatia uji kwenye injini za watu. Simu ilikuwa kwenye spika, wateja wake wanasikia. Mtu ametafuta jina miaka yote ile, mimi nikampaka matope kwa kalamu yangu mwenyewe!

Nilimwomba radhi, akanikubalia. Pikapu nikairudisha Morogoro, injini akaifungua yeye, akakuta pampu ya oili ilitoka kiwandani na kasoro. Kumbe wangenibadilishia bure! Nimeuza shamba la migomba kulipia, roho inaniuma.

Wenzangu, tanianeni kwa mdomo mpaka mbavu ziume, hata msibani ingia kaburini uwazuie wasizike. Ila kitabu cha sevisi kiheshimuni, na risiti dai hata kama fundi ni ndugu yako tumbo moja.

Jana nilikwenda kuchukua pikapu. Nikasimama nasubiri ile "Ficheni spana!" yake, anitukane hata kidogo. Akafuta mikono, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo, mama." Jamani, nililia njia nzima mpaka nyumbani.