Wageni wa Angani Walivyokaribishwa Mgeta

Jumatatu nilipigiwa simu kutoka Mgeta kwamba yule mtafsiri wa sinema amefariki dunia. Msomaji wangu wa siku nyingi unanijua, siamini kitu kirahisi. Nilimpigia mtu wa pili, kisha wa tatu, na walipokubaliana wote nikashuku kwamba wamepeana maneno. Kumbe ni kweli. Homa ya siku mbili tu, akatutoka.

Nilipokuwa mwalimu huko milimani, yeye ndiye aliyekuwa na banda la video, na alilala humo humo. Hakuwa mtu wa pale, wala hakuna aliyejua kwao ni wapi. Jumapili moja mchana, watu wametoka kanisani, alionyesha picha ya vita: askari wamejaa matope mpaka kwenye kope, mji mzima unafuka moshi, viumbe kutoka angani wanashuka kwa makundi. Yeye alishika kipaza sauti akitafsiri, na viumbe wale akawa anawaita wageni. Mama mmoja mkulima wa kabichi, aliyeingia kujikinga na mvua, akauliza kwa sauti, "Baba, hao wageni hata hawajasalimiwa. Wanapigwa kwa kosa gani?" Banda zima likacheka. Mtafsiri hakucheka. Kuanzia hapo, kila kamanda alipofoka kwamba waueni, yeye alitafsiri kuwa karibuni, mmetoka wapi, mna shida gani, huku mizinga inanguruma. Picha ilipokwisha, watu walitoka wakiwasikitikia viumbe.

Mimi Kiingereza nakijua, na nilikasirika. Nilimbana pembeni, nikamuuliza kwa nini anawadanganya watu. Akanijibu taratibu, "Mwalimu, mimi hapa ni mgeni. Nikiwafundisha hawa kwamba mgeni hupigwa kwanza, kesho nitaishi wapi?"

Mwingine angeishia hapo. Mimi jibu lile lilinizidishia wasiwasi, maana mtu asiye na la kuficha anaogopa nini? Nikaenda ofisi ya kijiji kusema achunguzwe. Aliitwa, akahojiwa, banda likafungwa kwa wiki kadhaa mpaka ilipoonekana vitambulisho vyake havina kasoro. Hakuambiwa nani amemchongea. Kila tulipokutana alinisalimia vizuri, na salamu zile nazo nilizitilia shaka.

Nimekwenda kumzika. Njia nzima nilijiuliza nani atajitokeza kuwa ndugu yake, na ana lake gani. Baada ya sala akaitwa msemaji wa familia, akasimama yule mama wa kabichi. Alisema marehemu ni mdogo wake, kwamba banda lilipofungwa alimchukua nyumbani kwake na hakuondoka tena, ndiyo maana amelazwa katika shamba lake. Kisha akasema, "Marehemu alimjua aliyemchongea. Tulimwomba amtaje, akakataa mpaka amekufa."

Nilitazama chini, nikaona aibu ambayo sijaizoea. Basi namtaja mimi: ni mwandishi wa safu hii. Ukimshuku mtu, muulize mwenyewe, halafu uwe tayari kulipokea jibu. Mimi niliuliza, nikaambiwa ukweli, nikaenda kuushtaki ofisini.