Kisima Nilichodai Nasafisha

Kijiji kizima cha Nyantakara hapakuwa na mkulima mwenye majidai ya mipira ya kumwagilia kwa matone kama mimi. Wenzangu walibeba bomba la dawa mgongoni. Mimi nilikaa kivulini, pampu ikivuta maji ya kisima na mpira mwembamba kutoka pipani ukichanganya humo dawa ya sota, wale viwavi wanaokata miche, mpaka kwenye mashina ya nyanya. Fundi aliyenifungia alinionya: vali ya kuzuia maji yasirudi kisimani usiiguse. Nikaigusa. Ilikuwa ikiziba kwa majani na kupunguza maji, na mimi subira sina. Nikaing'oa.

Asubuhi moja pampu iliishiwa petroli nikiwa mwisho wa shamba. Niliporudi, pipa la dawa lilikuwa tupu na maji ya kisima yamekuwa meupe kama uji mwepesi. Kisima kile nilikichimba pamoja na jirani yangu, mama wa Kisukuma aliyehamia kutoka Shinyanga. Naye huyo anakuja, ndoo mkononi.

“Shikamoo, mama. Leo usiteke, nasafisha kisima.”

“Marahaba, baba. Sasa mbona hukuniita?”

Uongo ulinitoka laini kabisa. Niliona afadhali hivyo kuliko ajue kwamba mtaalamu mzima ametia sumu kwenye maji.

Akageuka, nikashukuru Mungu. Kumbe kafuata jembe. Kisima cha watu wawili hakisafishwi na mmoja, na mama yule si mtu wa kukaa mwenzake akifanya kazi. Alirudi, akavua kandambili, akapandisha kanga, akaanza kushuka ngazi za udongo. Mimi nilisimama. Nasema ukweli: nilisimama nikitafuta maneno ya kumzuia bila kujitaja. Maji yalishamfika magotini ndipo nikapiga kelele, “Toka, mama! Hiyo ni dawa!”

Nilimwosha miguu kwa sabuni na maji ya kunywa ya nyumbani kwangu. Hakunifokea.

“Ungesema tu, baba,” alisema.

Ngozi ilimwasha na kumbabuka siku nyingi. Mficha uchi hazai, wanasema. Mimi niliuficha wangu, akaumia mama wa watu. Naona haya hata kuandika.

Kisima kile tulikifukia, tukachimba kingine mbali na pampu. Lakini hadi leo, kabla hajateka, hupita kwanza mlangoni kwangu.

“Baba, maji ni mazima?”

Nikijibu ndiyo, hunipa kikombe, nikayachote, ninywe mimi kwanza.