Msumeno wa Siku ya Kwanza

Fundi seremala huchomeka penseli nyuma ya sikio, kisha akiitaka huitafuta mifukoni kwanza. Mbao huzipapasa kwa kiganja kabla ya kuzipima, kama mama anayegusa paji la mtoto mwenye homa. Binti aliyekuja kujifunza, mwenye stashahada na rundo la maombi ya kazi yasiyojibiwa, alikimbilia ufagio. Alishasikia kwamba mwanafunzi wa fundi hufagia mwaka mzima.

“Weka chini, mwanangu. Mimi nilifagia miaka miwili, lakini enzi zetu kazi zilitusubiri. Nyinyi nani atawasubiri?”

Akamkabidhi msumeno wake mwenyewe, mpini umelika kwa vidole vyake. Mkato wa kwanza ukaenda kombo. Binti akajikunyata, akingoja kufokewa.

“Kata tena,” alisema fundi, ameshainama anafagia unga wa mbao.