Bibi Alipomtafuta Baba Yake

Harufu ya karatasi zilizoingia unyevu hunirudisha kwenye ofisi ya usharika, huku kwetu Usambara, siku bibi yangu aliponishika mkono tukaenda kumtafuta baba yake.

Bibi alifiwa na mama yake mapema, akalelewa na wajomba. Wao walimwambia kuwa baba yake, Mswidi aliyekuwa akipasua mbao misheni, alimkana na kurudi kwao kabla hajazaliwa. Alikua na maneno hayo, akazeeka nayo.

Mchungaji alitukaribisha, akafungua kitabu kikubwa cha ubatizo. Kurasa zilikuwa zimegandamana, akawa anazibandua taratibu kwa ukucha. Nje ukungu ulikuwa umefika dirishani.

"Huyu hapa, bibi," akasema. "Jina lako, la mama yako, na la baba. Ameweka sahihi mwenyewe. Yeye ndiye aliyekuleta kubatizwa."

"Hebu soma tena, mwanangu."

Akasoma tena. Kisha akachukua kitabu cha mazishi, akatafuta kwa muda mrefu.

"Hakurudi kwao. Alikufa kwa homa wewe ukiwa bado unanyonya. Amezikwa hapa hapa."

Bibi hakulia. Alikaza kitenge chake, akauliza ni upande gani, tukatoka. Makaburini majani yalikuwa yamenifika kiunoni na misalaba ya zamani ilikuwa imeoza, hatukuweza kujua lipi ni lake. Bibi akavua ndala, akasimama katikati ya makaburi yale, akasema kwa sauti:

"Shikamoo, baba."