Bibi wa Mama Mkwe na Waseminole

Mimi shule niliishia darasa la saba, Rombo, na sijawahi kuona haya kulisema. Toronto nilifika na begi moja, nikaanza kwa kuondoa theluji kwa koleo kwenye milango ya watu. Leo nina magari yangu ya theluji, nina vijana wanaosafisha maghorofa kuanzia St. James Town mpaka Lawrence Heights, na meneja wa jengo akiona namba yangu kwenye simu anapokea. Kwa hiyo mama mkwe aliponiambia kuna jambo amelitafuta maisha yake yote bila kulipata, sikusita. Nikamwambia, "Mama, kosa lako ni kuchelewa kuniambia mimi."

Mama mkwe ni Mkanada mweusi. Anaishi Flemingdon Park, hapa hapa Toronto, lakini alizaliwa Alberta, magharibi ya Kanada, kwenye mashamba ya ngano, akalelewa na bibi yake mzaa mama. Bibi huyo alitoka Oklahoma, Marekani, akiwa mke kijana, amefuatana na mumewe na watu weusi wengine waliokimbia ubaguzi kutafuta ardhi kwenye baridi. Na alikuwa na neno moja analolirudia: "Sisi ni Waseminole. Usisahau."

Waseminole ni taifa la wenyeji wa Florida, katika wale ambao vitabu vyetu vya shule viliwaita Wahindi Wekundu. Watumwa weusi waliotoroka walikimbilia kwao, wakaishi nao jirani, wakapigana vita pamoja nao, na serikali ilipowahamisha kwa nguvu kwenda Oklahoma, weusi wakahamishwa pia. Haya yote nimeyajua baadaye. Siku ile nilijua tu kwamba mama mkwe, alipokuwa msichana, aliyasema maneno ya bibi yake darasani, na mwalimu akacheka. Akasema kila mtu mweusi hudai kuwa na bibi wa namna hiyo. Darasa zima likacheka. Msichana akarudi nyumbani kudai ushahidi, bibi akamtazama tu, na hakulitaja tena jambo hilo mpaka alipokufa.

"Mimi sitafuti haki wala shamba," mama mkwe aliniambia. "Nataka kujua kama nililelewa na mwongo."

Nikaingia kazini. Maktaba moja ya mjini ina dada anayesaidia watu kutafuta koo zao, kwa sababu rejista nyingi za zamani siku hizi zinasomeka kwenye kompyuta. Dada akaanza kunieleza hili na lile. Nikamkatisha. "Dada yangu, nipe njia ya kutafuta jina la ukoo tu, mengine niachie."

Kwetu Uchagani ukitaka kumjua mtu unauliza baba yake ni nani na kihamba chao, shamba lao la migomba, kiko wapi. Mwanamke akiolewa anahamia kihamba cha mume, maneno yamekwisha. Mimi mwenyewe babu zangu nawataja saba bila kupumua. Basi nikalikamata jina la bibi, yaani jina la mumewe, nikalifuata: baba wa mume, babu wa mume, na aliyemzaa babu. Jioni nikitoka kazini nakaa nalo, na niseme ukweli, lilinikolea kuliko mpira. Nikafika mpaka Georgia, kwa wakulima wa pamba ambao Florida hawakuwahi kuikanyaga.

Jumapili, baada ya kanisa, nikatandaza karatasi yangu kubwa kwenye meza ya mama mkwe, pembeni ya kuku.

"Mama, nimemaliza. Nimewafuata wote. Hapa hakuna Mseminole hata wa dawa."

Aliweka uma chini. "Ahsante," alisema, akaanza kuondoa sahani zikiwa bado na chakula.

Kwenye gari mke wangu hakunitazama. "Unajua ulichomwambia?"

"Nimemwambia ukweli."

"Umemwambia bibi yake alikuwa mwongo. Tena mbele ya kuku wake."

Rafiki yangu mmoja hapa ni Mluguru, mhasibu, msomi mwenye vyeti vyake. Wiki hiyo alikuwa akichoma nyama nyuma ya nyumba, nikamsimulia nikitarajia pole.

"Ngoja," akasema. "Nani alisema ni Mseminole? Bibi au babu?"

"Bibi."

"Na wewe umemfuata nani?"

"Babu. Si ndiye mwenye nyumba?"

Alicheka mpaka akaiacha nyama iungue. "Mchaga wewe! Mwanamke kwenu ni kama mzigo, mnasoma jina la aliyemchukua, basi! Mimi kwetu ni wa ukoo wa mama yangu. Baba namheshimu, lakini shamba nimepewa na wajomba. Hao watu wako umewauliza wanahesabu kwa nani?"

"Sijauliza."

"Haya, na wewe mwenyewe. Bibi yako mzaa mama, mama yake ni nani?"

Nikawapitia babu zangu saba kichwani. Hakuwemo. Akanipa mfupa nitafune.

Nikarudi kwa dada wa maktaba. Akaniambia kwa Waseminole mtoto anachukua ukoo wa mama. "Nilitaka kukuambia siku ile," akasema, "hukunipa nafasi." Nikakubali, nikavuta kiti.

Sasa nilihitaji jina la mama wa bibi, na aliyekuwa nalo ni mama mkwe. Alifungua mlango nusu.

"Umekuja kumfukuza na mama yake?"

"Nimekuja kuuliza, mama. Nilipita mlango wa wanaume."

Akanipisha. Akanipa jina la mama wa bibi. Huyo, alisema, alikataa kuhamia Kanada. Alibaki Oklahoma na binti yake mwingine, kwenye mji mdogo ambao mama mkwe alikuwa akiutaja kama anayetaja jirani.

Kwa jina hilo dada wa maktaba alimpata kwenye rejista ya Waseminole iliyoandikwa na serikali. Lakini rejista ile ilikuwa na mafungu mawili: Waseminole wa damu, na Waseminole weusi waliotoka utumwani. Mama wa bibi alikuwa fungu la pili. Aliyeonekana mweusi aliwekwa huko, dada alinieleza, hata kama alikuwa na damu ya pande zote mbili, na mpaka leo watu wanagombania mstari ule. Mimi ni mtu wa ndiyo au hapana. Nilikaa ndani ya gari nikijiuliza: mtu anakuwaje ndani ya nyumba na nje kwa wakati mmoja? Nikimpelekea mama mkwe jibu la namna hii, si nitakuwa nimemrudisha darasani?

Hapo ndipo nikafanya ninachokijua. Biashara yangu yote nimeijenga kwa simu. Nikatafuta makanisa ya watu weusi ya mji ule, nikapiga moja baada ya jingine, nikiuliza nani ni mama mzee kuliko wote. Mchungaji mmoja akacheka: "Unamtaka yule wa benchi la mbele." Mama huyo akawa ni mjukuu wa yule binti aliyebaki, dada wa bibi.

Tulimpigia tukiwa kwa mama mkwe Flemingdon, simu iko mezani, sauti imefunguliwa. Salamu zilikuwa ndefu. Kisha mama mkwe akauliza kama mtu anayeruka maji:

"Bibi yangu alisema sisi ni Waseminole. Alikuwa anasema kweli?"

Ile sauti ikauliza, "Alikuwa anapika sofki? Ule uji mwepesi wa mahindi, unauacha uchachuke?"

"Kila siku. Nilikuwa nauchukia."

"Wote tuliuchukia. Sikiliza, mdogo wangu. Kwenye vitabu tuko fungu la weusi, na wapo hapa hapa watakaokuambia hatumo kabisa. Lakini bibi yako hakukuambia habari za vitabu. Alikuambia habari za mama yake. Mama yake amezikwa hapa, na mama wa mama yake aliletwa kutoka Florida akiwa mgongoni. Nani kakuambia alidanganya?"

Mama mkwe akanitazama. "Mwalimu wangu," akasema. "Na mkwe wangu."

"Mkwe wako mtu wa wapi?"

"Wa Afrika."

"Kwani huko hawana mama?"

Sijawahi kumwona mama mkwe akicheka vile. Alicheka mpaka akashika meza, machozi yanamtoka, na kicheko kilipokwisha machozi yakaendelea. Kisha akaichukua simu, akazima ile sauti ya wazi, akaiweka sikioni na kuingia nayo chumbani. Mlango ukafungwa.

Nilimsikia akiuliza, "Mama yake bibi alikuwa mrefu? Alikuwa anaimba?" Majibu sikuyasikia. Nikaondoka kwenye kiti, mtu mzima mimi, bosi wa watu, nikasogea mpaka karibu na mlango, nikatega sikio.