Kisu Kisichopenda Mfupa

Mimi nauza nyama. Miaka thelathini nimesimama nyuma ya gogo la bucha, na hakuna mtu wa kunifundisha kisu. Ndivyo nilivyokuwa nikisema, tena kwa sauti, mpaka Jumapili moja mke wangu aliponifunga mdomo bila kufungua wake.

Mke wangu ni mpishi wa hoteli. Nyumbani ni Mama Pacha, maana alinipa watoto wawili kwa mpigo mmoja. Jikoni kwao wanamwita Shoto, kwa sababu hukatia mkono wa kushoto. Utotoni walimfunga mkono huo kwa kitambaa ili aache. Hakuacha. Miaka ishirini na miwili amekata mboga za hoteli ile, na wenzake watakwambia ukiwa stoo unajua kabisa Shoto kaingia kazini, kwa jinsi ubao unavyolia ko-ko-ko-ko bila kupumzika.

Basi mwaka huu akateleza kwenye sakafu yenye maji ya sabuni, akaangukia mkono. Mkono upi? Huohuo! Kifundo kikavunjika, akafungwa plasta wiki sita. Ilipofunguliwa mkono ulikuwa umekonda kama wa mtoto. Akarudi kazini, lakini akishika kile kisu kizito cha jikoni, nusu ndoo tu vidole vinaachia. Mpishi mkuu, kijana ambaye Mama Pacha ndiye aliyemfundisha kumenya viazi, akamwita pembeni.

"Shoto, nakuheshimu kama mama yangu," akamwambia. "Lakini jiko halisubiri. Jumatatu nataka ndoo tatu za vitunguu kabla ya saa nne. Ukishindwa, utahamia kwenye kufua mashuka. Mshahara ni uleule."

Mshahara uleule! Aliponisimulia alicheka, kisha akaingia chumbani, akakaa kitandani akiutazama mkono wake. Mimi namjua. Huyu ukimtoa jikoni umemmaliza.

Jumamosi akanivuta hadi duka la vyombo. Visu vya Kijapani vilikuwa ndani ya kabati la kioo, vimelala kwenye kitambaa cheusi. Muuzaji, kijana wa tai, akatoa kirefu kinachong'aa mpaka unajiona meno.

"Hiki ndicho cha mabingwa, mama."

Mama Pacha akakigeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba taratibu kwenye bapa, upande huu, kisha ule.

"Kimenolewa upande mmoja tu," akasema.

"Sasa kuna ubaya gani?" nikauliza mimi, fundi wa visu.

"Kimetengenezwa kwa mtu wa mkono wa kulia. Mimi nikikikatia kitanivuta pembeni kila mara. Mkono huu ulishafungwa kitambaa utotoni, haufungwi tena."

Muuzaji akarudisha kisu chake kabatini bila ubishi. Cha pili kilikuwa kizito mbele, akakikataa kabla hata hajakiinua vizuri. Cha tatu kilikuwa kifupi, kipana, mgongo wake umeinamia ncha, na mpini wa mti usio na urembo wowote. Makali yake yalikuwa ya pande zote mbili. Akakilaza juu ya kidole kimoja, pale bapa linapokutana na mpini, kikatulia sawasawa. Halafu akafumba macho akaanza kukata hewa, juu chini, juu chini, mara hamsini na zaidi, wateja wanatupisha. Mimi nilikuwa naangalia vidole vyake. Havikuachia.

"Nipe hiki," akasema.

"Umejua kuchagua, mama," akasema muuzaji. "Chuma chake ni kigumu sana, makali yanakaa muda mrefu. Lakini kinachukia mifupa, kinachukia kupindwapindwa, na usikiache na maji."

Nikacheka. Nikamwambia kisu kinachoogopa mfupa si kisu, ni pambo la ukutani. Mama Pacha akanigeukia.

"Baba Pacha, nguvu ni zako. Mimi nataka kisu kifanye kazi, mkono usindikize tu."

Bei sitaji. Ninachokumbuka ni kwamba niliomba kiti.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Jumapili asubuhi Mama Pacha alitoka kwenda kumjulia hali dada yake. Nikasema leo nampikia, nimfurahishe kidogo. Nikamtoa kuku, nikamweka ubaoni. Visu vyangu vyote viko bucha. Kile chake kilikuwa pale, kimekaa kwenye kitambaa chake. Nikajisemea, kuku naye ana mfupa gani? Nikalipiga paja, kisha nikakizungusha kisu ndani ya mfupa, kama ninavyofanya kila siku ya Mungu.

Tak!

Nikakiinua. Katikati ya makali palikuwa na pengo la kuingia punje ya mchele. Na kabla sijapata la kufanya, mlango ukafunguliwa.

Mama Pacha akamwangalia kuku. Akakiangalia kisu. Akaniangalia mimi. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, na siku ile niliusikia mshindo wenyewe. Afadhali angenirushia sufuria.

"Nakimbia kwa fundi wa barabarani," nikasema. "Yule mwenye jiwe la mota. Dakika tano tu, kitakuwa kipya."

"Jiwe lile linawaka moto. Chuma hiki kikipata moto kinalegea, hakishiki makali tena. Utakuwa umekiua mara ya pili."

Akatoa vinoo vyake viwili kabatini, kimoja cha kukwaruza na kimoja laini, akavitia kwenye beseni la maji. Akasubiri vinywe. Kisha akaanza kunoa mwenyewe. Hakumaliza mara kumi. Vidole vikaachia, kisu kikateleza, kikalia juu ya sinki. Akabaki amesimama anaushika mkono wake, na machozi yakamlengalenga.

"Kesho naenda kufua mashuka, Baba Pacha."

Niliumia. Nimeshakatwa na kisu, nimeshaangukiwa na nusu ng'ombe, lakini sijawahi kuumia vile.

"Haki ya Mungu hufui," nikasema. "Lete hapa. Nifundishe."

Akasimama nyuma yangu, akauweka mkono wake juu ya wangu. "Inua mgongo wa kisu. Umezidisha. Shusha. Hapo! Sukuma. Usikandamize, wewe! Huyo si ng'ombe."

Nikasukuma. Akahesabu. Upande huu mara ishirini, upande ule mara ishirini, kisha nikaanza tena. Nikikosea mlalo ananipiga kiwiko. Mgongo ukaniuma, viganja vikakunjamana kwa maji, kuku akasahaulika hapo hapo. Na katikati ya yote hayo nikagundua jambo la aibu: miaka thelathini nimekuwa nikivikwaruza visu vyangu, sikuwahi kuvinoa. Kinolewacho hupata, ndiyo, lakini ni kwa anayejua kunoa.

Jua lilikuwa bado juu tulipomaliza. Pengo halipo. Kisu kimepungua upana kidogo sana, mtu mwingine hawezi kujua. Mama Pacha akachukua nyanya, akakilaza kisu juu yake, akakivuta kwa vidole viwili tu. Kikazama chenyewe. Kipande kikaanguka ubaoni, chembamba hata unaweza kusoma gazeti kupitia humo.

"Umenoa," akasema. Kisha akamchukua yule kuku akampika mwenyewe.

Jumatatu nikapata sababu ya kupita hotelini. Nilibeba mguu wa ng'ombe ambao hakuna aliyeuagiza. Saa nne kasorobo nikafika mlango wa nyuma wa jiko, nikatega sikio. Kimya. Hakuna ko-ko-ko. Nikajua vidole vimeachia, basi tena. Nikautupa mguu wa ng'ombe kwenye ngazi, nikasukuma mlango.

Shoto alikuwa mezani kwake. Kisu kinakwenda na kurudi, na hakigongi kitu. Kinapita tu ndani ya kitunguu mpaka ubao. Ndoo mbili zimejaa. Ya tatu imebakiza vitunguu vitatu. Mkono wake wa kushoto umetulia. Na wenzake wamemzunguka wanamkodolea macho makavu kabisa, watu ambao kila siku vitunguu vikikatwa wanajifuta kwa aproni, maana kisu kikali hakipondi kitunguu, kwa hiyo ule mvuke wa kitunguu unaowasha macho hautoki.

Mpishi mkuu akaangalia saa ya ukutani. Akaokota kipande, akakiinua dirishani, akakitazama.

"Shoto, hebu nikijaribu hicho kisu kidogo."

"Hakiazimwi," akasema, bila kuinua kichwa. "Kina mnoaji wake. Muulize yule pale mlangoni."

Wote wakanigeukia. Nilitaka kujisifu, unanijua tena. Badala yake nikajikuta najifuta macho.

"Bucha, mbona unalia?" akauliza mpishi mkuu.

"Vitunguu," nikasema.

Jiko zima likaangua kicheko. Mama Pacha peke yake hakucheka. Alimaliza kitunguu cha mwisho, akakifuta kisu pande zote mbili mpaka kikakauka, akakifunga kwenye kitambaa chake.

"Na yale mashuka yako," akamwambia mpishi mkuu, "tafuta mtu mwingine."