Verlene Avuta Pazia

Mwaka 1971, katika mji mmoja mdogo wa Alabama, hapakuwa na nyumba isiyoijua sauti ya Verlene Stubblefield, mama wa kizungu. Siku za wiki alipika katika jiko la shule. Jumamosi asubuhi aliimba nyimbo za kantri redioni: za waume walevi, za treni, za mama aliyezikwa mbali. Nyuma ya sauti yake lilisikika gitaa la kulaza mapajani, likilia kama mtu aliyefiwa.

Mpigaji alikuwa Odell Pettway, mtu mweusi, kibarua wa kiwanda cha mbao. Redioni hakuna aliyemwona. Kwenye kumbi alipigia nyuma ya pazia, na chakula chake alikilia garini. Kwa miaka kumi na moja Verlene alimpelekea sahani dirishani na kujiona mwema.

Yalipofika maonyesho ya kilimo ya kaunti, mwenyekiti wa kamati, Garland Teague, ambaye kiwanda kile kilikuwa chake, alitaka pazia kama kawaida. Verlene hakubisha.

Siku hiyo Odell alipiga kama hajawahi kupiga. Wimbo ulipokwisha watu walisimama, na ajuza mmoja akapaza sauti, "Nani huyo anayelipiga? Mtoeni tumwone!"

Garland akapanda jukwaani mbio, amemshika mkono mpwa wake Dwight. "Huyu hapa! Damu yangu mwenyewe!"

Makofi yakarindima. Dwight, ambaye hata kukaza nyuzi hakujua, akainama kushukuru.

Verlene alihisi uso unamwaka moto. Alilishika pazia kwa mikono miwili akalivuta mpaka pete zikang'oka.

"Acha uongo, Garland!" alisema kwenye kipaza sauti. "Mpigaji ni huyu, Odell Pettway. Miaka yote mnaililia mikono yake, halafu mnamficha kwa sababu ni mweusi. Na mimi nimewasaidia kumficha. Basi! Anapofichwa yeye, siimbi."

 Sauti ya mwanamume ikatoka nyuma: "Nenda kaishi nao, basi!" Gilasi ya barafu ikampiga Verlene kifuani. Watu wakakunja viti vyao wakaondoka. Odell hakuinua kichwa. Alikuwa akilifunga gitaa lake.

Kufikia Jumatano redio ilikuwa imempa mwingine nafasi ya Verlene, na shule imemwambia asirudi. Kanisani, kina mama walisogea mwisho wa benchi wasikae naye.

"Mdomo wako umetumaliza," mumewe Hoyt alimwambia.

Jumapili alikwenda kwa Odell. Mkewe, Earline, alifungua mlango lakini hakumkaribisha ndani. Odell alikuja na kamba mkononi. Nyuma yake palijaa masanduku.

"Wamenifukuza kazi Jumatatu," alisema. "Juzi wakapiga risasi dirishani. Tunahamia Cleveland, kaskazini, kwa dada yangu."

"Nilikuwa nakutetea, Odell."

"Uliniuliza, Bi Verlene?"

"Nilidhani utafurahi."

"Ungesema mwaka ule wa kwanza, ningefurahi. Ungesema siku nakula garini mvua inanyesha, tupo wewe na mimi na mwenye ukumbi tu. Wewe ulingoja mpaka upate umati."

Verlene aliyatazama yale masanduku. Akasema, "Nimekukosea."

"Ndiyo," alisema Odell, bila ukali wowote, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

"Odell!" Earline aliita kutoka ndani. "Sanduku hili linafungwa au halifungwi?"

Wakaondoka wiki hiyo hiyo. Garland aliendelea kuwa mwenyekiti, na mwaka uliofuata akaleta bendi ya Georgia, wazungu watupu. Verlene alipata kazi ya kupiga pasi kwa dobi mmoja wa kaunti jirani. Hakuimba tena, hata peke yake. Alimwandikia Odell barua tatu. Majira ya kuchipua jibu lilikuja, kwa mwandiko wa Earline, mstari mmoja tu:

"Yuko salama. Usiandike tena."